Kila Siku Saa Kumi Alfajiri Nashtuka Nakohoa: Maswali Yenu Kuhusu Moshi wa Viwanda na Usingizi

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja anayelala jirani na kiwanda, nikaandika mistari kama kumi hivi nikaona yameisha. Kumbe nilikuwa nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka nimeamua safu nzima ya leo iwe ya wanaolala chini ya dohani na wanaofanya kazi chini yake. Mi si dokta jamani, ni mtu wa kusoma na kuulizauliza, kwa hiyo nikisema nenda hospitali ujue namaanisha nenda.

Anti habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa kama mita mia tatu kutoka kiwandani. Nalala vizuri tu saa nne usiku lakini ikifika saa kumi alfajiri ni kama nimetegewa alamu, nashtuka, koo linawasha, kifua kinabana, nakohoa hata nusu saa. Mume wangu anasema ni mawazo. Hospitali nilipewa vidonge vya usingizi, nikimeza nalala mpaka asubuhi ila naamka kichwa kizito kinauma. Ni kiwanda au ni mawazo kweli? Na mbona ni saa kumi tu, mchana moshi si upo vilevile?

Mama, hilo swali lako la mwisho ndo lenyewe, na nashangaa hospitali hawakukuuliza. Mawazo mara nyingi hayana ratiba ya hivyo. Mtu mwenye mawazo leo anaamka saa nane, kesho saa tisa, keshokutwa halali kabisa. Wewe unaamka saa kumi ileile kila siku, na saa hiyo kuna vitu viwili vinakutana.

Cha kwanza kiko nje. Mchana jua linachoma ardhi, hewa ya chini inapata joto inapanda, moshi unapanda nao unatawanyika huko. Usiku ambao anga ni jeupe na upepo hakuna, ardhi inapoa haraka, hewa iliyo karibu na chini inakuwa ya baridi kuliko iliyo juu yake, basi ile ya juu inakaa kama mfuniko wa sufuria na chochote kinachotoka chini ya mfuniko hakina pa kwenda, kinabaki hapohapo na nyie mmelala. Kinajazana usiku kucha mpaka jua litoke. Mfuniko wa namna hiyo ukikaa siku kadhaa bila kufunguka unaua, uliua watu bonde la Meuse kule Ubelgiji Desemba 1930, Donora Marekani Oktoba 1948, na London Desemba 1952 waliokufa walihesabika kwa maelfu, ingawa London moshi wa makaa ya mawe ya majumbani nao ulikuwa mwingi. Kwenu haijafika huko, nisikutishe, ila utaratibu ni uleule kwa kipimo kidogo.

Cha pili kiko ndani yako. Mapafu yana saa yake. Kila binadamu njia zake za hewa zinajibana kidogo usiku na zinakuwa nyembamba zaidi kama saa kumi alfajiri hivi, kwa sababu homoni zinazozipanua na kutuliza uvimbe zinashuka usiku. Mwenye mapafu mazima hasikii kitu. Mwenye pumu, hata ile ambayo hajawahi kuambiwa anayo, ndo anashtuka. Uingereza mwaka 1988 waliuliza wagonjwa wa pumu 7,729, asilimia 74 wakasema wanaamka usiku kwa ajili ya kifua angalau mara moja kwa wiki. Kwa hiyo njia imebana, na hewa chafu nayo imejaa wakati huohuo. Ukitaka kumjibu mumeo mjibu hivyo.

Sasa cha kufanya. Rudi hospitali, na safari hii usiseme "sipati usingizi", maana ukisema hivyo utapewa tena vidonge. Sema "naamka saa kumi kifua kimebana". Omba kupimwa pumu. Kuna kile kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, mara nyingi unapewa ukae nacho nyumbani wiki mbili unapuliza asubuhi na jioni unaandika namba, na kama namba za asubuhi ziko chini sana kuliko za jioni hiyo ni dalili kubwa. Pembeni ya hizo namba andika na upepo ulikuwaje usiku huo, harufu ilikuwepo au la, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Daftari la wiki mbili lina nguvu kuliko maneno yako yote mbele ya dokta, na siku mkienda kulalamika kuhusu kiwanda mtalihitaji hilohilo.

Hivyo vidonge vinanitia wasiwasi. Havijafungua kifua, vimenyamazisha tu kengele. Muulize mumeo kama unakoroma na kama kuna wakati pumzi inakata halafu unashtuka kwa kuvuta hewa kwa nguvu, hiyo inaitwa apnia ya usingizi na baadhi ya dawa za usingizi zinaifanya iwe mbaya zaidi. Nayo ina uhusiano na hewa chafu, Marekani walifuatilia watu wazima 1,974 katika miji sita, matokeo yakatoka 2019, kila zile chembe ndogo za moshi zinazoitwa PM2.5 zilipokuwa juu kwa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, uwezekano wa mtu kuwa na apnia ulikuwa juu kwa asilimia 60. Hiyo haithibitishi kwamba moshi ndo uliosababisha, lakini si jambo la kupuuza. Ila usiache dawa ghafla kama umezimeza muda mrefu, nenda uongee nao kwanza.

Na kichwa kuuma asubuhi, swali moja: ni wewe peke yako au nyumba nzima? Kama na watoto wanaamka vichwa vinauma basi sahau kiwanda kwanza, tafuta kitu kinachowaka ndani au karibu na dirisha, jiko, hita, jenereta. Gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka hapo haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Hilo ni la leo leo, usisubiri wiki mbili.

Madirisha: yafunge jua likianza kuzama kabla mfuniko haujakaa, yafungue mchana upepo ukiwepo. Najua watu wengi tunafanya kinyume, tunafungua usiku tupate ubaridi. Niliwahi kupanga chumba nyuma ya kiwanda, nikawa nafanya hivyohivyo, asubuhi nikipitisha kidole kwenye kingo ya dirisha napata weusi, na siyo vumbi la kupuliza likaondoka, ni weusi wa mafuta unaopakaa kidoleni mpaka ukaoshe kwa sabuni. Ilinichukua miezi kujiuliza kama dirisha liko hivyo mimi ndani niko vipi.

Anti mambo. Nina miaka 34, nafanya sehemu tunayoyeyusha betri za magari zilizokufa, wiki mchana wiki usiku. Tangu mwaka jana usingizi umenikimbia hata ile wiki ya mchana. Nimekuwa na hasira za ajabu, nasahau vitu, tumbo linakaza siendi chooni siku tatu. Washkaji kazini wanasema ni shifti tu mwili utazoea. Utazoea kweli?

Kaka, nilikuwa nasoma nimeegemea kiti, nilipofika kwenye tumbo nikakaa wima. Usingizi kuisha, hasira, kusahau, hivyo vyote shifti ya usiku inaweza kuleta. Tumbo kukaza siku tatu kwa mtu anayeyeyusha betri ni habari nyingine. Betri za magari ni madini ya risasi. Nenda upimwe kiwango cha risasi kwenye damu, wiki hii, na mwambie dokta kazi yako kabla hajauliza kitu kingine chochote, maana asipojua unafanya wapi atatibu tumbo kama tumbo. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 lilisema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu chanzo kitafutwe na mtu aondolewe hapo, na hawakuacha kiwango cha kusema hapa ni salama kabisa.

Unajua hii ya kemikali za kazini kuharibu usingizi si mpya hata kidogo. Mwaka 1856 dokta mmoja Paris, Auguste Delpech, aliandika kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya mpira waliokuwa wanavuta mvuke wa kabonidisalfaidi, usingizi umeharibika, wana ndoto za kutisha, akili zinaruka. Watengeneza kofia waliotumia zebaki nao hivyohivyo, hawalali, wanaona aibu kupita kiasi, wanatetemeka. Waliovuta vumbi la manganizi vilevile. Karibu zote hizi ni sumu za neva, na usingizi ni kazi ya neva, ndo maana mara nyingi unaguswa mapema, kabla mikono haijaanza kutetemeka. Shida ni kwamba kukosa usingizi hakuna anayekuhesabu ni mgonjwa. Utaambiwa zoea.

Haya, mwili unazoea? Jibu fupi ni hapana, kwa wengi. Saa ya mwili inapangwa na mwanga, hasa wa asubuhi, na wewe ukitoka usiku unakutana na jua kali njiani linaiambia saa yako kumekucha, halafu unaenda kujilazimisha kulala. Hata waliofanya usiku miaka na miaka wengi wao saa ya ndani haijageuka. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya usiku inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, mwaka 2007, na wakarudia kuangalia 2019 wakaiacha hapohapo. Kwa hiyo usiku pia si kitu cha kuchekea, wala sitaki uende kwa bosi useme "ni risasi tu".

Jinsi ya kutenganisha: ukiwa likizo ndefu, usingizi unarudi ndani ya siku chache? Kama ndiyo, shifti ina mkono mkubwa. Kama wiki mbili zinapita na bado uko macho, tumbo bado linakaza, sumu ndo ya kufikiria zaidi, maana risasi kwenye damu inachukua kama mwezi mzima kupungua nusu, na iliyoingia kwenye mifupa inakaa miaka mingi. Hiki ni kipimo cha kukusaidia kufikiri tu, jibu liko kwenye damu.

Wakati unasubiri: usile wala kuvuta sigara sehemu ya kazi, osha mikono na uso kabla ya kutia kitu mdomoni, oga na badilisha nguo HUKOHUKO kazini, viatu visiingie nyumbani, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kama una watoto na wanakurukia ukifika mlangoni na ovaroli lako, basi na wao wapimwe. Na kama mna nafasi ya kuongea na supavaiza kuhusu ratiba, ombeni zamu zizunguke kwenda mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku, na zisigeuke kila wiki. Hili lilijaribiwa kwenye kiwanda cha madini kule Utah Marekani, wakachapisha 1982, wafanyakazi waliridhika zaidi na hata uzalishaji ukapanda, kwa hiyo bosi hana cha kupoteza. Saa ya binadamu ina mzunguko wa kama saa 24 na dakika kumi hivi, yaani inapenda kuchelewa kuliko kuwahi, ndo maana kusogea mbele hakuumi kama kurudi nyuma.

Shikamoo Anti, mimi mwanafunzi. Nimesikia kwamba uchafuzi unaharibu saa ya mwili yenyewe siyo kukuamsha tu. Ni kweli au ni stori za mtandaoni?

Marahaba mwanangu. Kuna ukweli ndani yake ila watu wameuvuta mbali. Saa kuu iko kwenye ubongo, kifungu cha seli za neva kama 20,000 hivi juu ya pale mishipa ya macho inapokatana, na karibu kila seli mwilini ina kisaa chake kidogo kinachofuata hicho kikubwa. Kisaa ni jeni zinazowashana na kuzimana zikizunguka mara moja kwa siku, na waliolifumbua hilo kwenye nzi wadogo wa matunda, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Nobel 2017.

Sasa sikia hii, mi ilinifurahisha. Mwilini kuna protini inayokamata sumu kama dioksini na baadhi ya masizi ya moshi ili mwili uanze kuzishughulikia. Hiyo protini ni ndugu wa damu na protini za saa, ukoo mmoja kabisa, zimejengwa kwa umbo linalofanana na zinashikana na wenza kwa namna ileile. Sumu ikiingia, protini hiyo ikiamka inaweza kwenda kumshika mwenza wa saa, na yule akishikwa hawezi kufanya kazi yake ya kuhesabu muda. Ni kama kazini mtu wa zamu yako anaitwa kwenye dharura ya idara nyingine, kazi yako inalala. Imeonekana kwenye panya na kwenye seli za maabara. Moshi wa sigara nao umeonekana kuvuruga kisaa cha mapafu ya panya. Kwa binadamu wanaoishi karibu na viwanda hatujafika pa kusema moshi wenu umesogeza saa yenu kwa dakika kadhaa, anayekwambia hivyo anauza kitu.

Nyuma ya kwetu kuna mwali wa gesi unawaka usiku kucha, chumba hakiwi giza hata siku moja, na kuna mvumo hauishi. Tumezoea ila tunaamka tumechoka. Tufanyeje?

Mmezoea kwa masikio tu. Kelele ya usiku mwili unaisikia hata usipoamka, moyo unaongeza mapigo, usingizi mzito unapanda kuwa mwepesi, asubuhi hukumbuki kitu ila umechoka. WHO kwa nchi za Ulaya mwaka 2009 walipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40, ambayo ni kama maktaba iliyotulia. Mvumo mzito ni mbaya kwa sababu unapita ukutani na vizibo vya masikio haviuzuii vizuri, kuhamishia kitanda chumba cha upande wa pili wa nyumba mara nyingi kunasaidia kuliko vizibo. Feni nayo inafunika kiasi.

Mwanga: mwali wa rangi ya chungwa unagusa saa ya mwili kidogo kuliko mwanga mweupe wenye bluu nyingi, kwa hiyo angalieni pia zile taa nyeupe kali za ulinzi za uzio wa kiwanda, hizo naziogopa zaidi, na ni rahisi kuomba zielekezwe chini kuliko kuomba mwali uzimwe. Pazia zito jeusi linaloshuka mpaka chini ya kingo, pembeni lisiache mwanya. Lakini ukishafunga giza hivyo asubuhi toka nje upate jua mapema, sababu chumba chenye giza mpaka saa nne asubuhi kinaipoteza saa yako upande mwingine.

Anti kama gesi ya kiwandani ingekuwa mbaya si harufu ingetuamsha usiku?

Hapana, na hili naomba mlisome mara mbili. Pua inalala. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwapulizia watu waliolala harufu kali mbaya, waliokuwa kwenye usingizi mzito hawakuamka, wakati sauti iliwaamsha. Ndo sababu ving'amuzi vya moshi vinapiga kelele. Na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai bovu, ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa hata ukiwa macho, harufu inakatika ukadhani imeisha. Harufu hiyo ikiwa kali halafu ikapotea ghafla na macho yanawasha, toka na watoto, katisheni upepo kwa pembeni, msielekee kiwandani.

Nimenunua mimea mitano ya chumbani kusafisha hewa nilale vizuri. Inatosha? Na nilale na barakoa?

Barakoa ya N95 inachuja chembe, gesi zinapita, na ukilala nayo itasogea tu usiku, ni ya siku moshi umezidi ukiwa macho. Mimea, pole. Ule utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989 unaonukuliwa kila mahali ulifanyika kwenye maboksi yaliyofungwa, na 2019 watu wawili walikaa wakapiga hesabu upya wakaona kwa nyumba ya kawaida ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe. Yaani ukiipanga yote, kitanda unakitoa nje. Hiyo mitano iache, inapendeza, ila pesa ya mimea mingine kanunue pazia na tepu ya kuziba mianya ya dirisha linaloangalia kiwanda.